Freni haina Artikle 15

Mpala, jimbo la Tanganyika. – Gari linalofika Mpala, mara nyingi lina umri mkubwa kuliko kijana anayeliendesha. Liliingia nchini likiwa limekwisha kutumika Japani, Ulaya ama Uarabuni, likapita mikono mingi, na sasa linabeba kila kitu: mihogo, samaki wakavu, mafuta ya mawese, mgonjwa anayekimbizwa hospitali, mwalimu anayefuata mshahara wake Kalemie. Tangu vita vilipoanza kuwahamisha watu, linabeba pia familia nzima pamoja na masufuria na magodoro yao. Siku likikwama, hakuna garaje ya kampuni inayolingoja mbele. Kuna dereva, msaidizi wake, kivuli cha mwembe na bidoni ya maji.

Kwa hiyo kutengeneza gari nyumbani, katika upande huu wa ziwa, si mchezo wa Jumapili wala alama ya ubahili. Ni sehemu ya usafiri wenyewe. Pyesi zinatoka mbali: Kigoma ng'ambo ya ziwa, Mpulungu upande wa Zambia, ama Lubumbashi kwa njia ndefu. Zinapofika sokoni, bei yake imekwisha kupandishwa na kila bandari, kila kizuizi na kila mkono uliozigusa. Anayengoja kila kitu kifanywe na garaje atangoja huku mihogo inaoza.

Wakongomani wana jina la tabia hii ya kujitafutia njia. Wanaiita Artikle 15. Maana yake kila mtu anaijua: jitegemee, usingoje mtu. Artikle 15 imewalisha wengi, na hakuna haja ya kuicheka. Lakini ina mpaka wake, na mpaka huo ndio unaosahauliwa kila gari linapopakiwa. Artikle 15 inafaa kwa injini. Kwa freni haifai. Injini ikikataa, safari inakwama, na hasara ni ya mwenye gari. Freni ikikataa, hasara inawaangukia watu waliokaa juu ya mizigo, ambao hakuna aliyewauliza.

Gari la zamani linasaidia fundi

Watu wa mjini wanapenda kusema kwamba dawa ni moja tu: magari ya zamani yaondolewe barabarani. Wanasema hivyo kwa sababu wao wanatembea juu ya lami. Gari jipya lina kompyuta ndani yake. Waya mmoja mdogo ukiharibika, taa inawaka, injini inapoteza nguvu, na fundi hawezi kujua kosa liko wapi bila mashine ya kusoma makosa. Mashine hiyo haipatikani chini ya mwembe.

Gari la zamani la mazuti ni kitu kingine. Mfano unaojulikana na wote ni Toyota Land Cruiser ya aina ya 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984. Tangu mwaka 1990, nyingi zimewekewa injini inayoitwa 1HZ: silinda 6, lita 4.2, bila turbo, na pampu ya mazuti inayofanya kazi kwa vyuma, si kwa kompyuta. Mafundi wa vijijini wanaipenda kwa sababu kosa lake linaonekana, linasikika au linanuka. Mazuti yakikatika na hewa ikaingia ndani ya mipira, fundi anailegeza skrubu, anapiga pampu ya mkono iliyo juu ya filtri, hewa inatoka na gari linawaka. Kazi hiyo kijana anaifunza kwa siku moja, akiwa na mtu wa kumwonyesha.

Basi tatizo si umri wa gari. Gari la miaka 30 lililotunzwa linaweza kuwa salama kuliko gari la miaka 10 lililoachwa. Ziwa lenyewe lina ushahidi.

Somo la Liemba

Meli ambayo wazee wa pande zote za ziwa wanaijua kwa jina la Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa reli, na huko ikaunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi wa saba mwaka 1916, Wajerumani walipoona kwamba wanashindwa, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi hawakuizamisha hivihivi. Kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito.

Meli ilikaa chini ya maji kwa miaka. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ilianza kazi upya kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 ilibeba maelfu ya wakimbizi wa Kongo waliokuwa wanarudi nyumbani. Mwaka 2015, ikiwa na umri wa miaka mia moja, iliwabeba Warundi waliokimbilia Kagunga na kuwapeleka Kigoma. Watu hao wote walivuka kwa sababu kulikuwa na fundi, zamani sana, aliyekubali kuchafua mikono yake kwa grisi kabla ya hatari kufika.

Hilo ndilo somo kwa mwenye gari wa Mpala. Kinachookoa chombo cha zamani si ujanja wa siku ya ajali. Ni kazi ndogo, ya bei ndogo, inayofanywa mapema. Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi ambazo nyumba inaweza

Zipo kazi ambazo kila dereva na msaidizi wake wanapaswa kuzifanya wenyewe, bila kungoja mtu.

Ya kwanza ni mafuta ya injini. Kupima kwa kijiti kunafanywa asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali pa tambarare. Mafuta meusi peke yake si kosa, maana injini ya mazuti inayachafua haraka. Kosa ni mafuta yaliyopungua, au yaliyogeuka rangi ya maziwa. Rangi hiyo inamaanisha maji yameingia, na injini isiwashwe tena mpaka fundi aione.

Ya pili ni maji ya radiateri. Mafundi wengi wa nchi za joto wamezoea kuitoa termostati, ile pyesi ndogo inayozuia maji mpaka injini ipate joto, wakiamini wanaiponya injini. Kumbe injini inayokaa baridi mno inakula mazuti mengi na inachakaa mapema. Kama injini inachemka, sababu itafutwe: radiateri imeziba, mkanda umelegea, pampu ya maji imechoka. Na kifuniko cha radiateri kisifunguliwe wakati injini ni moto. Maji yale yako chini ya nguvu, yanaruka usoni.

Ya tatu ni mazuti yenyewe. Mazuti yanayouzwa kwa bidoni na chupa kando ya barabara hubeba mchanga na maji. Kitambaa kinazuia mchanga, lakini maji yanapita. Njia rahisi ni kuiacha bidoni itulie usiku kucha bila kutikiswa, kisha kumimina sehemu ya juu polepole na kuacha kilichobaki chini. Magari mengi ya mazuti yana pia skrubu chini ya filtri ya kutolea maji. Kuna madereva wa miaka mingi ambao hawajawahi kuigusa.

Ya nne ni batiri. Anayeifungua aanze na waya wa upande wa kutoa, na asivute sigara karibu, kwa sababu batiri inayochajiwa inatoa hewa inayoweza kulipuka. Maji ya ziwa yana chumvichumvi zake na yanaiharibu. Maji ya kuongeza ni yale yaliyosafishwa kwa kazi hiyo.

Ya tano ni kusoma tairi. Tairi nyingi zinazouzwa ni za kutumika, na muuzaji atasema bado ni mpya kwa sababu meno yake yanaonekana. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Penye 1409, tairi ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2009. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na tairi ya namna hiyo inaweza kupasuka ghafla ikiwa imebeba uzito kwenye jua. Kuzisoma tarakimu hizo ni bure.

Hata ujanja wa njiani una nafasi yake. Tangi la mafuta likitoboka kidogo, kipande cha sabuni ya kufulia kikisuguliwa pale penye ufa kinaweza kuzuia mvujo mpaka gari lifike. Ni sawa, kama gari likifika tangi linatengenezwa. Shida ya ujanja wa njiani ni kwamba unageuka kuwa matengenezo ya mwaka mzima.

Pale ambapo ujanja unaua

Sasa freni, yaani breki. Hapa ndipo panapohitaji kusemwa kwa sauti.

Kwenye magari yanayobeba watu, kuna desturi mbili mbaya zinazojulikana na mafundi wote. Ya kwanza ni kuongeza kitu chochote mahali pa mafuta ya freni: mafuta ya injini, au maji ya sabuni. Mafuta ya injini yanavimbisha na kulainisha mipira midogo iliyo ndani ya freni. Siku ya kwanza pedali inaonekana ngumu, na dereva anafurahi. Baada ya muda mipira inaharibika yote kwa pamoja. Maji nayo yanachemka freni inapopata moto kwenye mteremko, yanakuwa mvuke, na pedali inazama mpaka chini bila kushika kitu. Hata mafuta halisi ya freni yanavuta maji kutoka hewani polepole, ndiyo maana chupa iliyokaa wazi haifai tena.

Desturi ya pili ni kukunja na kuubana mrija wa freni wa gurudumu moja linalovuja, ili zile tatu zingine ziendelee kufanya kazi. Gari linasimama, ndiyo. Lakini linaposimamishwa kwa nguvu linavutwa upande mmoja. Kwenye barabara tambarare na kavu dereva anaweza kulirudisha. Kwenye mteremko wa milima ya Marungu, kwenye udongo wa mvua, na watu ishirini juu ya magunia, hataweza.

Usukani uko katika fungu hilohilo. Gurudumu likiinuliwa na kutikiswa kwa mikono miwili, likicheza, kuna kiungo kilichokwisha. Kiungo hicho hakifungwi kwa waya wala kwa ukanda wa mpira. Nati za magurudumu pia: gurudumu likishafunguliwa na kurudishwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita chache, kwa sababu zinalegea.

Na wapo wanaokufa kabla ya safari. Kriki ni ya kuinulia gari. Si ya kulishikilia wakati mtu yuko chini yake. Inateleza, inazama katika mchanga, au mafuta yake yanavuja. Jiwe linapasuka. Kabla kijana hajaingia chini ya gari, gogo gumu na pana liwekwe chini ya chasi, na magurudumu yaliyobaki yazuiwe mbele na nyuma. Baba anayemtuma mtoto wake chini ya gari lililosimama juu ya kriki peke yake, hata kama ni kwa dakika mbili, anacheza na kifo.

Nani atalipa?

Madereva wana jibu lao, na ni jibu la kweli. Wanasema: pesa ya freni itatoka wapi? Gari likilala siku tatu kungoja pyesi, watoto hawali, na mwenye gari, anayekaa mjini, anataka malipo yake ya juma. Dereva aliye na deni anapiga pedali mara tatu, inashika kidogo, anaondoka. Kumhukumu dereva huyo peke yake ni rahisi, lakini hakurekebishi freni hata moja.

Jibu lipo katika kitu ambacho akina mama wa sokoni wanakijua vizuri kuliko madereva: likelemba. Kama wauza samaki wanaweza kuchanga kila juma na kumpa mmoja wao fungu lote, madereva na wenye magari wanaweza kuchanga kwa ajili ya pyesi za freni. Si lazima kila mmoja anunue zake siku ya shida kwa bei ya shida. Wachache wakichanga pamoja, mtu mmoja anayekwenda Kalemie analeta mipira ya freni, mafuta ya freni yaliyofungwa na vitambaa vya freni vya aina mbili tatu za magari yanayojulikana njia hii. Pyesi zinawekwa mahali pamoja, na anayechukua analipa kidogokidogo. Kwa fedha hizohizo, pole pole, wanaweza kununua sanduku moja la kle nzuri na vigingi vya chuma vya kuwekea gari. Chombo cha pamoja kinapotea, watu watasema. Kinapotea pale ambapo hakina mtu mmoja wa kukiandikia daftari.

Wenye magari wakatae kulipa? Hapo shefu na chama cha madereva wana neno. Gari lisilo na freni lisiruhusiwe kupakia watu. Lipakie mihogo peke yake, ikiwa mwenyewe anaiamini.

Kuna nguvu nyingine ambayo haitumiki. Machafuko ya miaka ya 2016 na 2017 yaliwafukuza watu wengi wa jimbo hili vijijini mwao. Mwaka 2025 familia nyingine zilifika Kalemie kwa boti zikikimbia vita vya Kivu ya Kusini. Watu waliotoka miji kama Uvira na Bukavu si mikono ya kupokea msaada tu. Kati yao hawakosi mafundi wa gari, wa kuchomelea vyuma, wa umeme wa magari. Fundi aliyekimbia usiku hakubeba sanduku lake la vyombo, na bila vyombo watu wanamwona kama kibarua. Wakaaji wakimpa nafasi chini ya mwembe wao na kle za kuazima, wanapata mwalimu wa vijana wao bila kumtafuta mbali. Naye anapata chakula cha watoto wake bila kungoja orodha ya mgawo. Mashirika yanayowasaidia wahami yangefikiri pia juu ya sanduku la vyombo, si mahema na unga pekee. Na yale yanayokodi magari ya watu yaangalie freni kwanza, kabla ya kubandika bendera yao mlangoni.

Mafuta machafu yasiende ziwani

Kazi ya nyumbani ina takataka zake. Mafuta ya injini yaliyotolewa hayafai kumwagwa katika Lufuku wala kando ya ziwa. Tanganyika ni ziwa lenye kina cha mita zipatazo 1,470, na mto mmoja tu unaotoka ndani yake, nao ni Lukuga, pale Kalemie. Maji mengi yanatoka kwa kukauka na jua. Maana yake, kinachomwagwa humo hakiondoki haraka. Kinabaki na samaki, na maji yale ndiyo yanayotekwa kwa ndoo kila asubuhi. Bidoni moja ya mafuta machafu inaweza kuwekwa penye kila mwembe wa mafundi. Mafuta hayo yana kazi: yanapakwa kwenye nguzo na mbao ili mchwa wasizile. Ila yasipakwe kwenye kitu kinachogusana na chakula.

Haki ya abiria

Mwisho, neno linawahusu wale wanaopanda. Abiria wa Mpala amezoea kunyamaza. Analipa, anapandisha mtoto wake juu ya magunia, anaomba Mungu. Familia iliyohama inanyamaza zaidi, kwa sababu inaogopa kuachwa na haina gari lingine la kungoja.

Lakini kuna kipimo ambacho hakihitaji fundi, na kila abiria anaweza kukiomba bila matusi. Dereva awashe injini, gari likiwa limesimama mahali pa tambarare. Akanyage pedali ya freni kwa nguvu ya kawaida na kuishikilia kwa dakika moja. Ikibaki palepale, ni dalili nzuri. Ikizama polepole mpaka chini, kuna mahali panapovuja, na gari hilo lisipakie mtu. Kisha msaidizi atazame ndani ya kila gurudumu kama kuna majimaji. Baada ya hapo gari liende hatua chache na kusimama, watu wote wakiwa bado chini.

Dereva mwenye gari zuri hatakasirika kuombwa hivyo, kwa sababu naye yuko ndani ya gari hilohilo. Akina mama wanaosafiri pamoja siku ya soko wanaweza kuanza: mizigo ibaki chini mpaka dakika hiyo moja ipite.